Jokofu la kantini lina mwenyewe

Saa saba mchana, ndani ya kantini ya chuo jijini Dar es Salaam. Mwanafunzi ameshapokea sahani yake ya wali maharage, ameshavuta kiti. Mhudumu anapita na kitambaa begani. Haulizi kama kijana atakunywa kitu, wala atakunywa nini. Anauliza, "Soda gani?" Karibu na mlango limesimama jokofu la kioo lenye nembo ya kampuni, taa inawaka mchana kweupe, soda zimepangwa kuanzia usawa wa macho hadi magotini. Maji yamesukumwa rafu ya chini kabisa. Ukiyaomba, unajibiwa ya baridi yameisha, yamebaki ya moto.

Huu ndio mpangilio ambao viongozi wa vyuo wanautetea kwa jina la uhuru wa mwanafunzi. Ni mtu mzima, anapiga kura, boom lake, yaani fedha za mkopo wa masomo, limo mfukoni, achague mwenyewe. Hoja hiyo tunaikataa. Kabla kijana hajafika kaunta, kuna mtu aliyeamua kipi kiwe baridi, kipi kiwe mbele ya macho, na mhudumu aanze na swali gani. Kampuni za vinywaji huwapa wauzaji majokofu zikitarajia yajazwe bidhaa zao, na kwa hilo hatuzilaumu, ndiyo biashara yao. Tunaulaumu uongozi wa chuo, uliokabidhi sehemu anayokula mwanafunzi wake kwa mwenye jokofu kisha ukanawa mikono.

Tupige hesabu, maana vyuoni ndiko inakofundishwa. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi inabeba kama vijiko tisa vya chai, na ile ya plastiki ya nusu lita inafika gramu 50. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati anayohitaji mtu kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na likasema ni bora zaidi ikiishia nusu ya hapo. Kwa hiyo chupa moja ya nusu lita inamaliza mgawo wa siku nzima, na bado kijana hajanywa chai. Msimu wa mitihani ukifika, anaongeza na vinywaji viwili vya energy vya kukeshea.

Wapo watakaosema vijana wana damu ya moto, sukari itawafanya nini? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Anayemaliza shahada ya kwanza leo amebakiza mwaka mmoja au miwili kuingia kwenye kundi hilo.

Dawa ya kuanzia ni ndogo kiasi cha kutia aibu. Mwaka 2010 mgahawa mkuu wa hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, ulibandika rangi za taa za barabarani kwenye vyakula na vinywaji, na mauzo ya vinywaji vyenye alama nyekundu, yaani visivyofaa kiafya, yakashuka kwa asilimia 16.5. Baadaye wakahamisha vitu tu: maji yakapandishwa usawa wa macho, vikapu vya chupa za maji vikawekwa jirani na sehemu za kupakulia chakula. Mauzo ya vinywaji vya alama nyekundu yakashuka tena kwa asilimia 11.4, na mauzo ya maji ya chupa yakapanda kwa asilimia 25.8. Soda ilibaki inauzwa palepale kwa anayeitaka. Hiki ndicho wanazuoni Richard Thaler na Cass Sunstein walichokiandikia kitabu mwaka 2008: kumgusa mtu kiwiko bila kumshika mkono.

Hatusemi kiwiko kinatibu kila kitu. Fani hii ya tafiti za ulaji iliwahi kuaibika pale Chuo Kikuu cha Cornell kilipomkuta Profesa Brian Wansink na kosa la utovu wa maadili ya utafiti mwaka 2018, na tafiti zake kadhaa za mpangilio wa chakula zikafutwa. Wengine walichukua njia kali zaidi. Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliacha kabisa kuuza vinywaji vya sukari mwaka 2015, na miezi kumi baadaye wafanyakazi waliokuwa wanywaji wakubwa walikuwa wamepunguza karibu nusu. Sisi hatujafika huko. Ukifungia soda getini, Mangi mwenye duka yuko ng'ambo ya barabara na jokofu lake.

Hata hivyo, tunachokiona vyuoni ni kitu cha kukera zaidi kuliko soda. Nenda asubuhi uombe chai ya rangi. Imeshatiwa sukari kwenye birika tangu saa kumi na mbili alfajiri, kwa kipimo cha mpishi, na anayetaka isiyo na sukari anaonekana msumbufu au mgonjwa. Juisi ya ukwaju na ya rozela, vinywaji vya nyumbani ambavyo vingeweza kuikimbiza soda sokoni, vinamiminiwa sukari mpaka vinanata mdomoni. Hapo hakuna kampuni ya kusingizia. Sukari ikiwekwa mezani kwenye kibakuli na kijiko, kila mtu atajitilia anavyopenda, na huo ndio uhuru tunaoimbiwa.

Na maji yenyewe yako wapi? Mkuu wa chuo anayebandika bango la kuhimiza maji juu ya bomba ambalo yeye mwenyewe hathubutu kulikingia kikombe anafanya mzaha. Mwanafunzi anayelazimika kununua kila tone atalinganisha bei, na akiona tofauti kati ya maji na soda ni ya sarafu mbili tatu, atanunua utamu. Chuo kinachopata fedha za kuweka vigae vipya kwenye jengo la utawala hakiwezi kutuambia kimekosa fedha za tangi na chujio.

Serikali za wanafunzi nazo zisijifiche. Boom likichelewa siku tatu tunasikia matamko, lakini kuhusu sahani na glasi za wenzao hatujasikia hata barua.

Zabuni ya kantini ni waraka wa chuo, na chuo ndicho kinachouandika. Kabla ya muhula ujao iandikwe humo kwamba maji ya baridi yakae usawa wa macho na yasipungue, soda zishuke rafu ya chini na chupa ndogo zitangulie, chai ipikwe bila sukari, juisi isitiwe sukari jikoni, na jokofu lolote la msaada liingie kwa masharti ya chuo au libaki nje. Mshauri wa Wanafunzi apite kukagua mwenyewe, saa saba mchana, bila kutoa taarifa. Mhudumu naye abadilishiwe swali: "Nikuletee maji?" Soda ataitaja mwenyewe anayeitaka.