Daftari Lisilofutika

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nathubutu kuongeza: hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa mshika daftari aweza kufuta jina kwa siri na kuandika jingine. Ndipo watu wawili husimama mbele ya hakimu, kila mmoja na hati yake, na shamba ni moja.

Siku hizi wataalamu wametuletea dawa iitwayo blokcheni. Maana yake si ngumu. Ni daftari linalowekwa katika kompyuta nyingi kwa pamoja. Kila ukurasa mpya hubeba muhuri uliopatikana kwa hesabu kutokana na ukurasa uliotangulia. Mtu akibadili hata herufi moja ya zamani, mihuri haitalingana, na nakala nyingine zitamsuta.

Nchi ya Jojia ilianza kuitumia kwa hati za ardhi mwaka 2016. Hati zenyewe hubaki katika ofisi ya serikali. Alama zake tu ndizo huwekwa katika daftari la wote. Lakini angalieni: ofisi hiyo iliundwa mwaka 2004, ikatengeneza orodha zake kwanza. Kufuli lilikuja baadaye.

Hapa Kenya serikali iliteua jopo mwaka 2018, chini ya Bwana Bitange Ndemo, kuichunguza elimu hii. Mwaka 2021 ukafunguliwa mtambo wa Ardhisasa, ili shughuli za ardhi zifanywe kwa kompyuta. Ni hatua njema. Wako wasemao kwamba tukitia blokcheni, rushwa itakwisha. Mimi sikubaliani nao. Blokcheni hulinda kilichoandikwa, lakini haijui kama ni kweli. Jina la mwizi likiandikwa siku ya kwanza, litalindwa sawasawa na jina la mwenye haki, na mjane aliyenyang'anywa shamba atazidi kutaabika.

Kwa hiyo naona yafaa mafaili yasafishwe kwanza: mipaka ipimwe, wazee na majirani waulizwe, na kesi zikatwe. Kisha ndipo tufunge kufuli.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu tutakuwa makarani wa ofisi hizo. Mashine itatuzuia kufuta, lakini haitatuzuia kuandika uongo. Kazi hiyo ni ya dhamiri zetu, na tuianze sasa.