Nta, Dhahabu na Mgeni wa Bwenini

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa sana katika vyuo vikuu vya Kenya, hususan katika ile wiki ya utamaduni ambapo wanafunzi kutoka nchi za nje huvishwa mavazi ya kwao, wakapandishwa jukwaani, wakacheza ngoma kwa dakika kumi, wakapigiwa makofi na kupigwa picha. Kesho yake mgeni hurudi bwenini na mwenyeji hurudi darasani. Hakuna aliyepona. Mgeni amegeuzwa pambo, naye mwenyeji ameambulia kumbukumbu ya rangi za nguo tu.

Kasoro hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wengine. Mnamo Februari 2022 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Uamuzi huo ulishangiliwa mno katika idara za Kiswahili. Je, ni wangapi kati ya walioshangilia wanaojua lolote kuhusu watu wa mji ule ulimopitishwa? Lugha inayodai bara zima haina budi kuwa na wasemaji wanaolisikiliza bara hilo. Tena Mwethiopia hayuko mbali. Huenda analala chumba cha pili.

Akiulizwa, aghalabu huulizwa mambo matatu: injera, Haile Selassie na mbio. Hayo ni maswali ya mtu ambaye tayari ana majibu. Lau angeulizwa ni saa ngapi, mazungumzo yangefika mbali zaidi. Kule Ethiopia, kama ilivyo Uswahilini, saa huhesabiwa tangu mapambazuko. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza kukamilika baada ya jua kuchomoza. Wapo wanafunzi wa Kiswahili wanaoamini kuwa hesabu hii ni mali ya Waswahili peke yao. Tofauti iliyopo ni kwamba Waethiopia wengi huitegesha saa yenyewe ifuate kauli, ilhali Mkenya hutamka "saa mbili" huku mshale mfupi ukielekea kwenye nane. Mgeni akiuliza kwa nini mdomo wa mwenyeji haupatani na saa yake ya mkononi, mwenyeji hulazimika kulifikiria jambo ambalo hajawahi kuliona kuwa ni swali.

Kalenda nayo ina miezi 13: 12 ya siku 30 kila mmoja, na mmoja wa siku 5 au 6. Ndiyo maana Ethiopia iliukaribisha mwaka wake wa 2000 mnamo Septemba 2007. Vivyo hivyo majina. Jina la pili la Mwethiopia kwa kawaida ni jina la babake, wala si la ukoo. Haile Gebrselassie, aliyemshinda Paul Tergat katika mbio za mita 10,000 mjini Sydney mwaka 2000 kwa sekunde 0.09, kwao ni Haile. Anayemwita Gebrselassie anamtaja baba mtu. Msomaji wa Shaaban bin Robert hapaswi kushangazwa na jambo hilo.

Hazina kubwa zaidi kwa mwanafasihi, hata hivyo, imo katika ushairi. Waethiopia wana sanaa waiitayo sem-enna-werq, yaani nta na dhahabu. Jina hili limetoka kwa sonara: huunda umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akaiyeyusha nta ikatoka, kisha akamimina dhahabu katika uwazi uliobaki. Katika shairi, nta ni maana ya juujuu inayosikika na kila mtu. Dhahabu ni maana iliyositirika. Sanaa hii ilikuzwa katika shule za Kanisa la Kiothodoksi ziitwazo qene bet, nyumba za qene, na qene ni ushairi wa lugha kongwe ya Kigeez. Neno bet, nyumba, ni ndugu wa bayt ya Kiarabu, nayo bayt ndiyo iliyokizalia Kiswahili ubeti. Mwanafunzi aliyekariri kuwa ubeti ni kifungu cha mishororo hukumbushwa na mgeni kuwa ubeti ni nyumba.

Huenda mtu akasema kuwa haya yote yamo vitabuni. Yamo, ila si yote. Hati ya Kiethiopia haionyeshi konsonanti iliyokazwa. Neno moja la Kiamhari, likiandikwa vilevile, husomwa ala, yaani alisema, au alla, yaani yupo. Watunzi huichezea tofauti hiyo wapendavyo, na mgeni wa lugha anayesoma kimya hupitwa na mchezo mzima. Sharti amsikie msemaji akilitamka neno mara mbili, huku akicheka. Mhadhiri anayefundisha mafumbo ya Muyaka bin Haji, au "Mamba" la Abdilatif Abdalla lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), angenufaika kumsikiliza mwanafunzi huyo kwa saa moja, kwa maana kule pia nta ilitumiwa kuwasema wenye nguvu pasi na kuwataja.

Lakini pana hatari. Ethiopia ina lugha zaidi ya 80, na sensa ya mwaka 2007 ilionyesha Waothodoksi kuwa takriban asilimia 43 na Waislamu takriban asilimia 34. Anayemwuliza kila Mwethiopia kwa nini hali nyama Jumatano huenda anamwuliza Mwislamu wa Harar. Neno Mhabeshi, ambalo Kiswahili hulitumia kwa wote, Moromo au Msomali anaweza asilipende. Na vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022 si swali la siku ya kwanza. Aulizwe mambo ya kwao nyumbani, wala si ya taifa zima. Na aulizwe kwa Kiswahili. Mwenyeji anayekimbilia Kiingereza eti amsaidie mgeni anamnyang'anya alichokuja kukitafuta.

Vyama vya Kiswahili vingeweza kuazima desturi ya kahawa. Kule bunu hukaangwa mbele ya wageni, na kahawa hunywewa mikondo mitatu: abol, tona na bereka, huu wa mwisho ukihusishwa na baraka. Anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza hajazungumza. Vikombe vitatu ni rahisi kuliko kukodi hema na vipaza sauti.

Mezani hapo huenda mgeni akakuta ndugu. Kioromo husemwa pande zote mbili za mpaka wa Moyale, na Waborana na Wagabra wa Marsabit ni Wakenya, ingawa kwa miaka mingi vijana wa huko walipitia uchunguzi wa ziada kabla ya kupewa vitambulisho, na hata chuoni wapo wanaowauliza wametoka nchi gani. Mfumo wa gadaa wa Waoromo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya turathi mwaka 2016, utaelezwa na mgeni kwa Kiswahili cha kubabaisha. Mborana aliyeketi kando yake anaweza kuueleza kwa Kiswahili sanifu, iwapo atatokea wa kumwuliza.