Nord-Kivu: Wahami si wao wanaomaliza pori la Virunga

Kila mara vita inapofukuza watu Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, neno ni lile lile: wahami wanamaliza pori. Viongozi wanalisema mikutanoni, na wakaaji wa mjini wanalirudilia. Ni neno jepesi, tena si la haki.

Mama aliyekimbia na watoto na sufuria moja anaingia porini kutafuta kuni za kuivisha maharagi. Anarudi na mzigo mmoja mgongoni. Lakini magunia ya makala yanayolisha Goma hayabebwi na mama huyo. Yanapanda chukudu, pikipiki na lori, yanapita vizuizi, na kila kizuizi kinakula. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi namna makundi yenye silaha yanavyotoza ushuru kwenye makala ya Virunga. Mwenye bunduki anapata pesa, mhami anapata lawama.

Watu hukumbusha mwaka 1994. Ndiyo, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walikata miti mingi, na mwaka huo huo UNESCO iliandika Virunga kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Lakini kambi za Mugunga na Kibumba ziliwekwa kando kabisa ya mbuga. Mtu akipewa unga bila kuni, atapikia nini?

Tena kuna shida ya ardhi. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali, ikaahidi amri ya rais kuhusu mashamba ya mila. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo. Huko Masisi, vilima vizima ni malisho ya ng'ombe wa matajiri, na mkulima anakodi kipande kwa msimu. Mwenye kukodi kwa msimu hapandi mti wa kungojea miaka saba. Anapanda maharagi, na udongo ukichoka anasogelea pori.

Wenye mashamba yao wanafanya vingine. Tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Nord-Kivu kupanda miti ya makala kwenye udongo wao wenyewe. Na pori lenyewe linajua kurudi: pahali palipokatwa kisha pakaachwa, visiki vinachipuka na ndege wanaleta mbegu. Halirudi pale moto na jembe vinapita kila mwaka.

Kwa hiyo mwenye kutaka pori lirudi aache kupigia mama wa kuni kelele. Avunje vizuizi vya makala. Ampe mkulima hati ya shamba. Anayeweka kambi alete na kuni au gesi. Na zaidi ya yote, amani ije ili wahami warudi kwao, kwenye mashamba yanayowangoja. Hakuna anayependa kulala chini ya hema ili apate kukata mti.