Joto Linaenda kwa Nani?

Mashine ya kupoza divai haitengenezi baridi. Inatoa joto upande mmoja wa ukuta na kulimwaga upande wa pili. Ukishaelewa hivyo umeielewa mashine, na Nairobi pia umeielewa kiasi.

Haya niliyajua kwa kulipwa. Naandika chochote kinacholeta kodi ya nyumba, na mwaka jana nilipewa maelezo ya kufunga mashine hizi niyatafsiri, mafundi wayasome. Stoo ya divai inatakiwa ikae kwenye nyuzi 12 au 13 hivi. Unafunika kuta na dari kwa vizuia joto, unaweka nailoni ya kuzuia mvuke, unaziba mlango usipitishe hewa. Kisha unatoboa ukuta na kupenyeza mashine. Uso wake unapulizia chupa baridi, mgongo wake unapuliza joto kule nyuma. Na joto la mgongoni ni jingi kuliko lililotoka kwa divai, kwa sababu stima inayoendesha kompresa nayo huishia kuwa joto.

Mashine nyingi za aina hii hazikuundwa kunyeshewa wala kuchomwa na jua. Kwa hivyo mgongo unaelekezwa ndani ya chumba kingine. Chumba gani sasa?

Fundi mmoja alinipeleka kuona kazi Lavington. Stoo ilikuwa chini ya ngazi: upande huu sebule, upande ule kile chumba ambacho matangazo ya nyumba huita DSQ. Alama ya chaki ilikuwa upande wa DSQ. Nikamuuliza mbona si sebuleni.

"Ina joto na kelele, bosi. Wageni watasumbuka."

Dada anayelala kule alikuwa ameshahamisha kitanda chake kupisha grinda. Aliuliza kitu kimoja tu: "Usiku itakuwa inazimwa?"

Haizimwi. Divai hailali.

Najua mtasema ni wivu. Wivu wa nini? Kunywa divai yako, hata ikitoka Ufaransa, mimi sina shida. Shida yangu ni ukuta uliouchagua. Mwingine ataniambia Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Julai tunavaa marvin hadi kitandani, kwa hivyo dada anasaidiwa. Sawa. Mbona basi usijisaidie wewe? Toboa upande wa chumba chako cha kulala, upate huo msaada na kompresa ikunguruma hadi asubuhi. Na ikifika Februari, tuongee tena.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa, au amlipe pesa za kutosha za kodi. Chumba kidogo chenye mgongo wa mashine juu ya kitanda kinamfaa nani? Ndani ya stoo kuna kipimajoto, na zikizidi nyuzi mbili fundi anapigiwa simu Jumapili. Ng'ambo ya ukuta hakuna anayepima.

Na msiniambie hakuna njia nyingine. Kuna mashine za vipande viwili: kipoza kinabaki ndani, kompresa inawekwa nje ya nyumba, mabomba yanaunganisha. Ni ghali zaidi, ndiyo. Aliyeweza kununua divai ya kuwekwa miaka kumi ataweza. Akikataa, kuna gereji ya gari lake, kuna sebule yake. Baridi ni yake, joto nalo liwe lake.

Nanyi mafundi, msijifiche nyuma ya "mdosi amesema." Kabla ya kuwasha grinda, zungukeni mwone nani analala upande wa pili. Kama kuna kitanda, futeni chaki, mchore ukuta mwingine.