Nyuzi Sita kwa Kwaya Yetu? Tuchague kwa Busara



Wapendwa Taifa la Mungu, msimu wa korosho unapofunguliwa na sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, inapokaribia tarehe 22 Novemba, maombi huanza kufika mezani pa Halmashauri ya Walei. Kigango kimoja kinaomba mabati, kingine kinaomba baiskeli ya katekista, na kwaya nayo haikosi lake. Zamani kwaya iliomba sare au kinanda. Siku hizi, kuanzia Masasi hadi Newala, vijana wanaomba gitaa la besi, tena la nyuzi sita, kwa kuwa wameliona katika video za nyimbo za dini kwenye simu zao.

Ombi hili limeleta maneno. Wazee wanauliza nyuzi nne zimepungukiwa nini, na vijana wanajibu kwamba wazee hawapendi kwaya ikue. Wapo waliokwisha kuacha mazoezi kwa ajili ya neno hilo. Nami sipendi kuona watu wanaokula meza moja ya Bwana wakigawanyika kwa sababu ya kipande cha mti na waya, hivyo nitasema ninavyoona bila kuzunguka.

Kwanza, tuondoe hofu ya dhambi. Ni kweli kwamba mwaka 1903 Papa Pio X alikataza kanisani piano, ngoma na vyombo vyote vya kelele. Lakini tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia, ibara ya 120, uliipa ogani heshima ya kwanza, kisha ukaruhusu na vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka halali ya Kanisa, mradi vifae au viweze kufanywa vifae kwa ibada, viendane na heshima ya hekalu na viwasaidie waamini kweli. Mwaka huohuo padre wa nchi yetu, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo wanaodhani kwamba Kanisa letu limelala katika jambo hili wanakosea. Hatuulizi tena kama gitaa linaruhusiwa. Tunauliza kama litawasaidia watu wetu kusali.

Pili, tujue chombo chenyewe. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne: E, A, D na G. Lile la nyuzi sita huongezewa uzi mnene wa B upande wa chini na uzi mwembamba wa C upande wa juu. Halikubuniwa kwa ajili ya fahari. Mpigaji wa Marekani, Anthony Jackson, ndiye aliyetaka besi yenye upana huo wa sauti, na fundi Carl Thompson akamtengenezea mwaka 1975. Jackson alikuwa akirekodi na wanamuziki wakubwa, na alikuwa na kazi iliyohitaji sauti hizo.

Je, sisi tuna kazi hiyo? Waimbaji wetu wa sauti ya nne wakishuka sana hufika kwenye E yenye mitikisiko 82 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne unatoa 41, yaani oktava nzima chini yao. Msingi wa nyumba tayari upo. Uzi wa B unashuka hadi 31, na faida yake ni ya kweli: wimbo ulioandikwa Doh ni D, mpigaji ataifikia doh ya chini ambayo mwenye nyuzi nne hawezi kuigusa. Lakini faida hiyo inapatikana pia kwa gitaa la nyuzi tano, ambalo lina B ileile, kwa kawaida lina bei ndogo na shingo nyembamba zaidi. Kinachobaki kuwa cha nyuzi sita peke yake ni uzi wa C, nao hutumika zaidi kupamba na kupiga mafungu ya sauti za juu. Kazi hiyo kwenye Misa tayari inafanywa na kinanda.

Tena tukumbuke spika zetu. Kikuza sauti kidogo chenye spika ya inchi 10 hakiwezi kuitoa vizuri sauti ya mitikisiko 31. Utasikia mngurumo tu, kama nyuki ndani ya debe. Kwaya itakayotumia fedha zote kwenye gitaa na kubakiwa na spika mbovu itakuwa imenunua sauti ambayo hakuna atakayeisikia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwa kwaya nyingi za viganga vyetu, gitaa zuri la nyuzi nne linatosha. Kwaya iliyokomaa ichukue la nyuzi tano. La nyuzi sita linunuliwe pale tu ambapo yupo mpigaji aliyekwisha kuimudu besi ya kawaida, ipo spika ya kulibeba, na fedha zipo mkononi. Nasema mkononi kwa makusudi. Tunakumbuka msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilifurahisha, lakini wakulima wengi walingoja malipo kwa muda mrefu. Tusikope gitaa dukani kwa ahadi ya korosho ambazo bado ziko ghalani.

Ikiwa masharti hayo yametimia, basi tununue kwa akili. Magitaa ya nyuzi sita ya bei nafuu yapo. Mojawapo linalojulikana sana ni Ibanez GSR206. Watakaokwenda Kariakoo wasiende na kijana mmoja mwenye shauku peke yake. Waende na mpigaji mzoefu pamoja na mtunza hazina. Wafanye mambo yafuatayo kabla ya kutoa shilingi.

Waitazame shingo kwa urefu wake, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Nyuzi sita huvuta kwa nguvu kuliko nne, na hewa yetu hubadilika sana kati ya miezi ya mvua na miezi mikavu. Shingo dhaifu itapinda. Waulize kama chuma cha ndani cha kuinyoosha kinazunguka, na waombe kukiona kikizungushwa.

Walisawazishe gitaa, kisha wapige kila uzi ukiwa wazi na tena kwenye freti ya kumi na mbili. Sauti hizo mbili lazima ziwe noti ileile, oktava moja juu ya nyingine. Zikipishana hata baada ya fundi kurekebisha, waliache. Wausikilize uzi wa B kuliko zote, maana hapo ndipo magitaa ya bei ndogo hujulikana. Usipotoa noti safi, nyuzi sita hizo ni tano kwa kweli.

Mpigaji apime mkono wake. Shingo ya nyuzi nne huwa na upana wa milimita 40 hivi kwenye ncha ya juu. Ya sita hufika 54. Mwenye vidole vifupi atateseka, na watakaoteseka zaidi ni wasikilizaji.

Mwisho waulize bei ya seti ya nyuzi sita na mahali pa kuipata, maana si kila duka la Masasi litakuwa nayo. Na kama gitaa linatumia betri ya volti 9 ndani yake, wazoee kuchomoa waya kila baada ya mazoezi, la sivyo betri itakwisha kabla ya Dominika.

Nina neno jingine, nalo ni zito kuliko hayo. Wakati wa uchaguzi hutokea mtu akatuletea gitaa la bure. Kwaya ikilipokea kwa sharti la kumwimbia, imeuza sauti iliyowekwa wakfu kwa Mungu. Heri gitaa la nyuzi nne lililonunuliwa kwa mia mbili mbili za akina mama wa jumuiya ndogondogo, kwa kuwa Bwana alimsifu mjane kwa senti zake mbili mbele ya matajiri.

Chombo kikishanunuliwa kiandikwe katika daftari la mali za parokia, nao wajifunze vijana wawili au watatu, wasichana kwa wavulana, ili kisigeuke kuwa mali ya mtu mmoja anayekikodisha harusini. Na mpigaji akumbuke kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika Kwaresima Kanisa linataka vyombo vitumike kuusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Laetare, sherehe na sikukuu. Mwenye besi anayeweza kupiga Kwaresima nzima bila kutamani kusikika peke yake, huyo mimi nitamtetea mbele ya Halmashauri, hata akiomba nyuzi sita.

Wazee wangu, msiwafungie vijana mlango kwa sababu ya waya mbili za ziada; kaeni nao, mwasikilize wakipiga. Nanyi vijana, rudini mazoezini Jumamosi hii, gitaa liwepo au lisiwepo.

Mungu awabariki nyote. Amina.