Soketi za nyumba kongwe za Bertrams



Nyaya za soketi katika nyumba za Afrika Kusini huongozwa na kiwango cha SANS 10142-1. Kwa kawaida saketi moja huvutwa kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ikalindwa na breka ya ampea 20. Juu yake huwekwa kifaa kinachokata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30. Kifaa hicho ndicho kinga ya mtu. Breka hulinda waya tu.

Bertrams, mtaa wa Johannesburg wa karne ya 19, una nyumba zilizogawanywa vyumba vya kupangisha, na hapo ndipo hesabu hukataa. Jiko la umeme la wati 2,000 kwa volti 230 hunywa karibu ampea 9. Majiko matatu kwenye saketi moja hupita 26, na breka hukata, kama inavyopaswa. Kuweka breka kubwa zaidi (tiba ya fundi wa vichochoroni) huacha waya uungue ndani ya ukuta.

Kanuni za umeme za mwaka 2009 zinamtaka mwenye nyumba awe na cheti cha usalama wa nyaya. Mpangaji akiulizie kabla ya kulipa kodi.

Msomaji, Johannesburg