Panda: maziwa ya chai si ya mtoto mchanga

Akina mama wa Panda, mjini Likasi, wasidanganywe: si kila unga mweupe wa dukani ni maziwa ya mtoto. Ule wa sasheti mara nyingi umetiwa mafuta ya mimea. Ni wa chai tu. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yana sukari nyingi mno. Hata ya ng'ombe hayashiki nafasi ya ziwa kabla ya mwaka 1. Anayeachishwa mapema anahitaji maziwa ya watoto wachanga, na maji yaliyochemshwa. Familia iliyokimbia vita itatoa wapi makala ya kuchemsha kila siku? Shirika la Afya Duniani linasema uji uanze miezi 6, ziwa liendelee hadi miaka 2 au zaidi. Basi wanaogawa misaada wamlishe mama kwanza, anyonyeshe.